Macho ya Shangazi Yamesema "Marahaba"!

Nimerudi sasa hivi tu. Viatu sijavua, mkoba bado uko begani, moyo unadunda kama ngoma ya mkesha wa harusi, na nisipokusimulia saa hii hii nitapasuka! Njoo, kaa, sikiliza. Shangazi yangu amesema "Marahaba". Amesema! Kwa macho! Kwa macho yake mawili tu, mbele ya simu ya kawaida kabisa yenye kioo kilichopasuka pembeni, na sauti ikatoka safi, nzima, ya Kiswahili, pale sebuleni kwake Ngamiani, Tanga, watu wazima tukabaki midomo wazi kama watoto walioona mazingaombwe!

Ngoja nianze mwanzo. Shangazi ana ALS. Unakumbuka mwaka 2014, dunia nzima ilipokuwa ikijimwagia ndoo za maji ya barafu na kurekodi video? Basi ni ugonjwa huohuo. Unakula neva zinazopeleka amri kwenye misuli, misuli inanyong'onyea kidogo kidogo: vidole, mikono, miguu, ulimi, mpaka pumzi. Ila kwa wengi akili inabaki palepale, kali vilevile. Masikio yanasikia kila kitu. Na macho, hapa nisikilize vizuri, misuli inayozungusha macho huwa miongoni mwa ya mwisho kabisa kuguswa. Yaani mtu yumo ndani, mzima wa akili, na kuna mlango mmoja bado uko wazi!

Sasa umjue shangazi mwenyewe. Huyu ndiye mdomo wa ukoo wetu. Posa haipokelewi mpaka aseme. Ugomvi wa mirathi hauishi mpaka aseme. Kuingia kwake jikoni tu, wali unaiva wenyewe kwa hofu. Halafu mwanamke huyo, ulimi ukawa mzito, maneno yakawa matope, mwisho yakakatika. Kilichokuwa kinaniuma kuliko vyote ni shikamoo. Watoto wanaingia, "Shikamoo bibi," naye anawatazama tu. Wewe unajua shikamoo isiyojibiwa inavyoning'inia hewani! Mtoto anasimama, hajui aondoke au abaki. Wengine wakaanza kupitia mlango wa nyuma, si kwa ubaya, ni kwa kutojua la kufanya.

Basi jana nikakutana na kitu kinaitwa Look to Speak. Ni programu ya simu za Android, Google waliitoa Desemba 2020, na mmoja wa waliosaidia kuitengeneza ni Richard Cave, mtaalamu wa tiba ya usemi wa London. Bure! Nasema bure, hulipi hata senti, bando la kuipakua tu. Inatumia kamera ya mbele ya simu, ileile ya kujipigia picha, kutazama macho yako yanaelekea wapi. Na wenyewe wanasema kinachoonwa na kamera hakitoki nje ya simu. Nikaipakua usiku uleule, nikaketi kitandani, taa nimewasha yote, nikajaribu mwenyewe kwanza.

Mwenzangu, sijui nikueleze vipi! Maneno yamejipanga pande mbili, kushoto na kulia. Unatazama kushoto, ya kulia yanakwenda zake, na yale ya kushoto yanagawanyika tena pande mbili. Unatazama tena. Yanapungua. Tena. Yanapungua. Mpaka linabaki lile moja unalolitaka, na simu inalisema kwa sauti! Ukikosea, unatazama juu, umeghairi. Basi! Hakuna kubonyeza, hakuna kushika, mikono yangu nilikuwa nimeikalia makusudi, nione ikoje kuwa bila mikono. Na ule mtazamo si wa kuibia, si jicho la pembe la aibu aibu. Unalitupa jicho lote nje ya simu, kama mtu aliyeitwa ghafla dirishani. Mara ya kwanza nilitazama kidogo mno, haikunielewa. Mara ya tatu tukaelewana. Mara ya kumi nikawa nasahau kama natazama, nikawa nasema tu. Kusema tu! Nywele zilinisimama, nakwambia, zilinisimama!

Na bado!

Kumbe maneno unaandika mwenyewe. Yale iliyokuja nayo unayafuta, unaweka ya kwenu. Asubuhi nikabeba simu, nikadandia bodaboda hadi Ngamiani, tukaitisha baraza la ukoo: binamu zangu, mjomba, jirani wa mlango wa pili, na shangazi mwenyewe katikati kwenye kiti chake, kanga yake mabegani. Tukaanza kama kila mtu angeanza. Nina kiu. Naumwa. Nigeuzeni. Nataka kulala. Ni muhimu, ndiyo, tena muhimu sana. Lakini binamu yangu mkubwa akasema, "Hayo ni maneno ya mgonjwa. Maneno ya mama yako wapi?"

Weee! Hapo ndipo pakawaka moto! Kila mtu akakumbuka lake. "Hii si chai, ni maji ya moto." "Acha uongo wewe." "Nani kaacha mlango wazi?" "Mmekula?" "Inshallah." "Mwache mtoto acheze." Tunacheka, tunaandika, tunafutana kauli, na kila neno tunamsomea kwanza. Maana shangazi ana njia yake ya siku zote, akifumba macho mara moja ni ndiyo, akiyakodoa ni hapana. Hatukumwekea neno hata moja ambalo hakulikubali. Na hapa alinifundisha jambo. Mmoja wetu alipendekeza, kwa nia njema kabisa, "Samahani kwa usumbufu." Jamani, alivyoyakodoa! Hapana kubwa, hapana ya kutikisa nyumba! Shangazi hataki kumwomba mtu msamaha kwa kuwepo kwake. Nikalifuta palepale, mkono unatetemeka.

Halafu likaja lile neno. "Marahaba." Alifumba macho, akayafumba muda mrefu, mrefu mno, na chozi likatoka pembeni.

Sasa picha yenyewe ilivyokuwa. Simu tumeiegemeza kwenye mkebe wa maziwa ya unga juu ya stuli, chini kidogo ya usawa wa macho yake, mwanga wa dirishani ukimwangaza usoni. Hakuna mashine kubwa, hakuna nyaya, hakuna mtu wa koti jeupe. Mkebe na stuli! Tumejaribu mara mbili tatu, tukasogeza stuli kushoto, tukapunguza mwanga wa mgongoni. Ndipo mjukuu wake wa miaka sita akarudi kutoka madrasa, kofia imelala sikioni, akapita mbio kama kawaida yake.

"Shikamoo bibi."

Macho ya shangazi yakaenda kulia. Yakarudi. Kushoto. Yakarudi. Kulia tena, taratibu, kwa uhakika, kama mtu anayetia uzi kwenye tundu la sindano. Sote tumeshika pumzi.

"Marahaba."

Yule mtoto akasimama dede! Akaitazama simu, akamtazama bibi, akaitazama simu tena. Halafu unajua alifanya nini? Akatoka nje, akaingia upya. "Shikamoo bibi!" Marahaba. Akatoka, akaingia. "Shikamoo bibi!" Marahaba! Akatoka safari hii hakurudi peke yake, kawaita wenzake wote wa mtaani, wakapanga foleni mlangoni kama wanasubiri maandazi, mmoja mmoja, shikamoo bibi, shikamoo bibi, na shangazi anawajibu wote, wote, haruki hata mmoja! Wale waliokuwa wakipitia mlango wa nyuma, leo wamekuja wa mbele! Mjomba aliinuka akaenda uani, akasema anakwenda kuangalia maji. Maji gani, mjomba alikwenda kulia!

Na bado! Binamu akaleta chai kwa furaha, kamnywesha kidogo kwa kijiko kama walivyofundishwa, pole pole. Macho yakacheza kushoto, kulia, kushoto. "Hii si chai, ni maji ya moto." Nyumba nzima ilianguka! Nimeketi chini kabisa sakafuni nimeshika tumbo. Yaani uchokozi umerudi! Nilidhani nakwenda kumpa shangazi kifaa cha kuombea maji, kumbe nimemrudishia ulimi wake, na ukali wake wote, na utamu wake wote!

Macho yanachoka, hilo ulijue, kama miguu inavyochoka kwa kutembea. Alipochoka tulimwacha apumzike, tukazungumza naye bila simu. Na mtu anapochagua neno, usimdakie, usimmalizie. Ngoja. Ule ukimya kati ya jicho la kwanza na neno ni mazungumzo pia, na ukishauzoea ni mtamu ajabu.

Na bado, mwenzangu! Tangu mwaka 2024 programu hiyohiyo ina namna ya kutumia bila maandishi kabisa. Unaweka picha na vile vikaragosi vya simu badala ya maneno, na kila picha inasema ulichoipangia. Fikiria yule bibi wa kijijini ambaye hakupita shule. Unampigia picha kikombe chake mwenyewe, shuka lake, uso wa mwanawe wa mwisho. Anautazama uso, simu inaita jina. Nilipolifikiria hilo njiani, nilitaka kumwambia dereva wa bodaboda asimame!

Na umeme ukikatika? Chaji ikiisha? Hapo ndipo nilipoangukia kitu ambacho nimekipenda karibu sawa na simu, na ni kipande cha plastiki! Plastiki ngumu inayopitisha mwanga, mnaishika katikati yenu, wewe upande huu, yeye upande ule. Wataalamu wanaiita E-tran, na watu wameitumia kwa miongo mingi. Herufi zimepangwa mafungu mafungu pembezoni, kila herufi na rangi yake. Anatazama fungu, halafu anatazama upande wenye rangi ya herufi anayoitaka, na wewe, kwa kuwa mko ana kwa ana, unaona jicho limetua wapi, unaitamka herufi. Tulitengeneza ya kwetu kwa kalamu za rangi sakafuni. Na nikagundua kitu kitamu kweli kweli: Kiswahili kimeumbwa kwa ajili ya ubao huu! Q na X tumezitupa, nafasi imebaki. Na kwetu karibu kila neno linaishia kwa irabu, konsonanti mara nyingi inafuatwa na irabu, kwa hiyo akishatazama T, mara nyingi nimebaki na tano tu za kukisia: ta, te, ti, to, tu. Alitazama T, tukasema "tu?", akafumba. N. "ni?", hapana, "na?", hapana, "nda?" Akafumba! TUNDA! Papai lilikuwa mezani, limekatwa tangu asubuhi, hakuna aliyemuuliza. Tukalipondaponda laini kabisa, akala!

Na bado sijakuambia la sauti. Hapa nishike mkono, maana hili ni la kukimbilia leo. Kuna wataalamu, kama John Costello wa Boston Children's Hospital, wanaosisitiza kwamba mtu akiambiwa ana ugonjwa huu, aanze mapema kurekodi maneno yake mwenyewe kwa sauti yake mwenyewe, na mikogo yake, na kicheko chake, kabla sauti haijaondoka. Siyo sentensi za kamusi, bali vile anavyomwita mkewe, vile anavyokataa, vile anavyoguna. Apple nao tangu 2023 wana huduma ya kujenga sauti inayofanana na yako kutokana na kusoma kwako kwa muda mfupi tu. Nikahuzunika, nikasema sisi tumechelewa. Binamu akanitazama, akafungua simu yake. WhatsApp! Ujumbe wa sauti wa shangazi, wa miaka mitatu, minne nyuma, umejaa tele! Anagombeza bei ya samaki. Anatuma salamu za Idi. Anaimbia mtoto aliyezaliwa. Anacheka, kile kicheko chake cha kupanda ngazi, tukaketi kimya tunakisikiliza, na yeye anasikiliza, na macho yanang'aa, yanang'aa! Tumezihifadhi zote mahali pengine, nakala mbili. Nakuomba, fanya hivyo usiku wa leo, hata kama kwenu hakuna anayeumwa. Usifute sauti za wazee wako ili upate nafasi ya video.

Na ujue, hii njia haikuanza leo. Stephen Hawking, yule mwanafizikia wa Uingereza, aliambiwa ana ugonjwa huu mwaka 1963 akiwa na miaka 21. Sauti ikamtoka 1985 baada ya upasuaji wa koo uliomwokoa maisha, na tangu hapo akazungumza na ulimwengu kwa mashine hadi kufariki kwake 2018. Miaka ya mwisho alichagua maneno kwa msuli mmoja wa shavu. Shavu! Na ile sauti ya kimashine, iliyotokana na sauti ya mtafiti Dennis Klatt wa Marekani, aliing'ang'ania hata teknolojia bora zilipokuja, kwa sababu ilikwishakuwa yake. Nilikuwa nadhani hayo ni ya maprofesa wa Cambridge. Leo nimeyaona juu ya mkebe wa maziwa!

Halafu kuna Tony Quan, mchoraji wa kuta wa Los Angeles anayejulikana kama Tempt One. ALS ilimlaza kitandani, haongei, hasogei. Mwaka 2009 marafiki na mafundi wakamtengenezea EyeWriter: fremu ya miwani ya bei rahisi na kamera ya kuchezea michezo ya PlayStation, basi. Akachora kwa macho kutoka kitandani hospitalini, na mchoro wake ukamulikwa ukutani nje, mkubwa kama jengo lenyewe! Walichotengeneza wakakiacha wazi kwa yeyote atakaye kukiiga.

Na bado, na bado! California, Chuo Kikuu cha UC Davis, mwanamume aitwaye Casey Harrell, naye ana ALS, aliwekewa vihisio vidogo vidogo kwenye ubongo mwaka 2023, pale penye kuamrisha usemi. Anajaribu kusema, kompyuta inasoma jaribio lenyewe, maneno yanatokea kwenye skrini, na yanasomwa kwa sauti iliyojengwa kutokana na rekodi zake za kabla ya ugonjwa. Matokeo yalichapishwa Agosti 2024: usahihi wa hadi asilimia 97! Neno la kwanza lilipotokea sawasawa, alilia kwa furaha. Nilipolisoma hilo jana niliona ni habari ya sayari nyingine. Leo, baada ya ile "Marahaba", namjua yule mtu. Najua kile kilio. Nimekiona uani, upande wa maji ya mjomba.

Kwa hiyo sikiliza, rafiki yangu. Una mtu? Una jirani, una mwalimu wako wa zamani, una mtu amelala ndani na watu wanazungumza juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo? Usisubiri mashine kubwa ije kwa meli. Anza na swali moja: ndiyo yako ni ipi? Kufumba? Kutazama juu? Likipatikana hilo, umefika nusu ya safari. Kisha ubao wa plastiki, hata leo jioni. Kisha simu, dirisha lenye mwanga, na kitu cha kuegemezea. Na maneno, tafadhali sana, maneno yawe yake. Muulize kila moja. Weka na ya ukali, weka na ya mapenzi, weka na ya dua. Ukimpata mtaalamu wa tiba ya usemi, mlete akae nanyi, ana mengi ya kuongeza. Lakini usingoje mpaka umpate ndipo umsalimie mtu wako ukasubiri jibu.

Mimi nilikaa mpaka adhana ya magharibi. Nikaaga wote, nikamwinamia shangazi, nikamwambia shikamoo ya kuondokea, akanijibu, nikatoka mbio maana kichwani mlikuwa mmejaa haya yote ya kuja kukuambia. Niko barazani tayari, nafunga kamba ya kiatu, nikasikia nyuma yangu, kutoka sebuleni, ile sauti tulivu ya simu:

"Nani kaacha mlango wazi?"

"Mimi, shangazi!" Nikarudi mbio kuufunga, nacheka, machozi yananitiririka mpaka shingoni. Amenigombeza! Miezi yote hii sijagombezwa na shangazi yangu, na leo, jamani, leo amenigombeza!